Mayai ya Mjane

Chome,
11 Februari 1974

Wifi yangu Yudith,

Huku sote wazima, isipokuwa kuku. Nimeanza na hilo kwa sababu najua siku hizi ukipata barua ya nyumbani unauliza kwanza mifugo, watu baadaye. Kaka yako Lukasi yuko bado kwenye mkonge huko chini, atapanda mwisho wa mwezi. Watoto wanakohoa kidogo kwa baridi. Mama anakusalimu sana.

Sasa kuku. Lile banda la akina mama, tulilolijenga kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na Mwenyekiti Gideoni akatoa hotuba mpaka ugali ukapoa, limebaki tupu. Walianza kusinzia kabla ya Krismasi. Undu wa kichwani unapauka, kinyesi kinakuwa cha manjano yenye ukijani, asubuhi ukifungua mlango unamkuta mmoja miguu juu, kesho yake wawili. Watu wanasema ni kideri. Lakini mwenzako wa ofisi ya mifugo alikuja kuwachanja kideri mwaka jana, sote tuliona, kwa hiyo Gideoni amewageukia ndege wa msituni. Anasema kwale wa Shengena wanashuka kula pumba pamoja na kuku wetu, na ndio walioleta ugonjwa. Vijana wametega mitego ukingo mzima wa msitu.

Ila subiri, si mabaya matupu. Kuku mmoja wa Mama alikuwa humo humo bandani. Aliugua kama wenzake, akajilaza pembeni, tukamkatia tamaa. Kisha akainuka akadai mahindi. Kati ya wote amebaki yeye peke yake, na akina mama wamempa jina la Mjane. Mama amelipenda jina hilo. Anasema nyumba hii sasa ina wajane wawili, mmoja anataga.

Wifi, ungemwona Mama! Tangu tumzike Baba alikuwa hatoki nje ya ua. Chakula nilikuwa nambembeleza kama mtoto. Sasa watu wanakuja kila siku kumtazama kuku wake, na yeye anawapokea amekaa wima. Jogoo tumeazima kijiji cha jirani, Myamba. Mama amesema mbegu ya kuku shujaa namna hii haiwezi kuwa ya nyumba moja, kwa hiyo kila yai analigawa. Huyu mawili, yule matatu, wanakwenda kuyaatamisha kwa mitetea wachache waliobaki majumbani. Yeye hajajibakizia hata moja. Gideoni alimtaja mkutanoni, akasema huo ndio ujamaa wenyewe. Mama alijifanya anatafuta kitu kwenye pindo la kitenge, lakini nilimwona anacheka.

Wifi yako akupendaye,
Ernesta


Same,
18 Februari 1974

Wifi Ernesta,

Barua yako nimeisomea ofisini, nikacheka mpaka karani akachungulia. Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie ninajivunia kuwa mtoto wake. Mtu aliyebakiwa na kuku mmoja, akagawa mayai yote bila kujiwekea hata la kuonja! Mimi nina cheti cha chuo ukutani na sijui kama ningeweza.

Mimi sijambo. Joto la Same unalijua. Bado wananiita Bwana Mifugo. Juzi alikuja mzee wa Kimasai kutoka bondeni, akauliza Bwana Mifugo yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akatazama nyuma yangu, labda kuna mwingine amejificha. Tulipomaliza kumtibu ndama wake alinishika mkono akasema, "Asante, Bwana." Nikaitikia.

Sasa nisikilize. Nina wasiwasi kwamba hicho hakikuwa kideri. Kideri mara nyingi kinapindisha shingo za kuku, na wewe husemi habari za shingo, na wewe si mtu wa kusahau kitu cha ajabu. Tafadhali mwombe Mwenyekiti asimamishe mitego mpaka tujue. Wale kwale waliokwisha kukamatwa nitumie wachache. Na kama kuna vifaranga wa Mjane waliokufa, au mayai yaliyogoma kuanguliwa, usiyatupe wala usiyaoshe. Funga kila kitu kwenye majani ya mgomba, mpe Kassimu wa lori la kahawa, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Wako,
Yudith


Chome,
27 Februari 1974

Wifi yangu,

Mzigo wako nimempa Kassimu. Amenung'unika kwamba lori la kahawa limegeuka gari la maiti, lakini ameupokea. Ndani kuna kwale, vifaranga na mayai viza.

Ndiyo, vifaranga wanakufa. Sikutaka kukuandikia mapema, nilidhani ni baridi. Wanaanguliwa wazuri, halafu wanajikunyata pamoja kama wanaota moto, nyuma wamegandwa na uchafu mweupe kama chokaa, halafu basi. Kwa jirani yetu Salama amebaki mmoja. Wengine wanafia ndani ya ganda. Hakuna anayemnyooshea Mjane kidole, hata kidogo. Wanasema ni kwale na baridi, na wanarudi kwa Mama kuomba mayai mengine. Yeye anawapa.

Tena sasa ana shughuli. Jumatano na Ijumaa mchana anajifunga kile kitenge alichonunuliwa na Baba, anasema anakwenda kwa Salama kutazama vifaranga. Nikisema nimsindikize ananikatalia kabisa. Anarudi jioni amechangamka, anaimba pambio jikoni. Wifi, nilikuwa nimesahau kwamba Mama ana sauti.

Habari zimefika hadi Myamba. Akina mama wa huko nao kuku wao ni wachache, wameomba kikapu kizima cha mayai ya Mjane kwa soko la mwisho wa Machi. Mama ameanza kuyakusanya kwenye kikapu chenye majani makavu, anakigeuza jua lisikipate. Hata mimi haniruhusu kukigusa.

Ernesta


Same,
12 Machi 1974

Wifi Ernesta,

Majibu yametoka. Barua hii ni ndefu, na ninaomba umsomee Mama yote, mwanzo hadi mwisho, bila kupunguza.

Kwanza kwale. Niliwafungua hapa ofisini, vipande nikavipeleka maabara ya Moshi. Maini yao masafi kabisa. Kwale hawana hatia, wanakula pumba tu kama wageni wowote. Mwambie Gideoni aondoe mitego.

Vifaranga ndio wenye ugonjwa. Ni homa ya matumbo ya kuku. Inaletwa na bakteria, yaani vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na chanjo ya kideri haivizuii. Kuku akiingiwa navyo, wengi hufa. Wachache hupona. Lakini anayepona anaweza kubaki navyo tumboni, penye mfuko wa mayai, bila homa na bila dalili yoyote. Anakula, anataga, anang'aa manyoya. Na vijidudu vinaingia ndani ya yai kabla ganda halijafungwa. Kifaranga anaanguliwa akiwa navyo, anaugua, anamwambukiza hata yule mtetea aliyemwatamia.

Umeshaelewa ninakokwenda. Ninaona ni Mjane. Hakufanya kosa lolote, alipona tu. Lakini kila yai lililotoka kwake limepeleka ugonjwa nyumba nyingine, na kile kikapu kikifika Myamba, mabanda ya huko yatakuwa kama la kwetu. Dawa ipo ya kuwatuliza wanaougua, ila haimsafishi kuku kama yeye. Inabidi achinjwe na achomwe, asiliwe. Na mayai yote yachomwe.

Ningeweza kumwandikia Mwenyekiti, na kesho yake wangekuja kumchukua kwa amri. Sitaki Mama anyang'anywe. Nataka amtoe yeye mwenyewe, kwa mkono uleule uliotoa mayai. Ninajua kuku huyu amemfanyia nini. Nimeandika sentensi hii nikalia, kwa hiyo ukiona wino umechuruzika usidhani ni mvua.

Nimeagiza Moshi dawa ya rangi ya kupimia damu. Ikifika nitapanda nimwonyeshe kwa macho yake. Lakini kikapu kisiondoke.

Yudith


Chome,
18 Machi 1974

Wifi mpenzi,

Barua imefika salama, nami nimemsomea Mama. Amefurahi kusikia habari zako, na habari za yule mzee wa Kimasai amerudia kuziomba, ingawa ni za barua ya zamani. Kuhusu kwale amesema alijua tangu mwanzo.

Huku mvua zimeanza vizuri. Ndiva yetu ya juu, lile bwawa la kumwagilia, imejaa hadi ukingoni, wamwagiliaji wamepumzika kugombana. Maharage yameota. Lukasi alikuja akarudi, ametuachia sukari.

Mama anaendelea vizuri. Jana alikula makande bakuli zima akaongeza. Mjane naye mzima, ingawa nadhani utagaji unapungua, huenda akaacha mwenyewe tu bila mtu kumsumbua.

Uje ukipata nafasi.

Ernesta


Same,
21 Machi 1974

Ernesta,

Umenijibu mambo yote duniani isipokuwa nililokuuliza. Ndiva imejaa, nimefurahi. Kikapu je?

Nakujua, wifi. Umemsomea habari za kwale ukakunja karatasi. Unadhani mimi sitaki Mama aimbe jikoni? Lakini kuna akina mama wa Myamba wanaosubiri mayai hayo kwa heshima yote, na kesho yao itakuwa kulaani jina lake. Hilo litamrudisha kitandani zaidi ya kifo cha kuku.

Dawa ya kupimia imefika. Napanda Alhamisi ijayo na Kassimu. Usimwambie chochote tena, nitasema mwenyewe.

Yudith


Same,
2 Aprili 1974

Wifi yangu mpenzi,

Ninaanza kwa kuomba radhi. Nilikuandikia kwa ukali, kumbe ulikuwa umeshafanya kazi ngumu kuliko yangu. Siku ile nyumba ilijaa watu, sikupata nafasi ya kukuambia.

Unajua nilipanda mlima nikiwa na hotuba nzima kichwani. Kila kona ya barabara nilikuwa narekebisha neno, Kassimu akaniuliza kama nasali. Nafika, nakuta shimo limeshachimbwa nyuma ya nyumba, kuni zimepangwa ndani yake, Mjane amefunikwa tenga, na kikapu cha Myamba kimewekwa kando. Mama hakuniuliza hata habari za safari. Aliitikia shikamoo yangu akasema, "Haya, nionyeshe."

Wewe ulikuwepo, uliona. Lile tone la damu ya Mjane juu ya kigae cheupe, nilipolichanganya na rangi ya zambarau, likaanza kuvunjikavunjika chembe chembe kama maziwa yanayokatika. Mama akataka apimwe pia kuku wa nyumba ya juu kabisa, ile ambayo haikuchukua mayai. Lake likabaki laini. Mama aliinamia vile vigae viwili mpaka nikaogopa. Kisha akaomba kisu, na akakataa nimsaidie.

Nimewapima ng'ombe wa matajiri na mbuzi wa wakubwa. Sijawahi kumheshimu mwenye mnyama kama nilivyomheshimu Mama siku ile. Na wewe, uliyemwambia ukijua utamuumiza, nakuheshimu pia. Asante.

Wako daima,
Yudith


Chome,
7 Aprili 1974

Wifi,

Asante zako nakurudishia zote, si zangu. Mimi sikumwambia Mama neno!

Ulinikamata sawasawa. Nilimsomea maini ya kwale, nikaongeza joto la Same na salamu za barua ya zamani. Nilipofika kwa Mjane ulimi ukakataa. Nilimtazama amekaa pale na bakuli lake la mahindi, uso umetulia, nikasema Mungu anisamehe, nikaikunja nikaificha ndani ya Biblia. Nilipomwona anachimba shimo nilidhani umemtuma mtu. Nikaona aibu kuuliza. Basi nani alimwambia? Kassimu anaapa hajui. Gideoni hakujua hadi ulipofika.

Yaliyofuata nikusimulie. Ulipoondoka, Mama alikwenda kwa Gideoni akaomba ipigwe mbiu ya msaragambo. Akasimama mbele ya watu akasema, "Mayai yalikuwa yangu, na mabanda yenu nitasafisha mimi wa kwanza." Tumesugua kila banda, tumechoma pumba na majani ya kutagia, tumepaka chokaa. Kuku wale uliowapima, ukawakuta na ugonjwa ukawafunga uzi mwekundu mguuni, wamechinjwa wote na wenyewe, wakachomwa. Salama alilia, kisha akamkumbatia Mama. Myamba tumepeleka ujumbe, na jogoo wao, aliyekuwa na uzi naye, tutawalipa mwingine.

Nilichokuwa nakiogopa hakikutokea. Nilifikiri Mama atarudi ndani na mlango utafungwa. Badala yake watu wanakuja kuliko zamani, wanaleta makande, wanakaa. Kuku hayupo, na bado wanakuja! Gideoni ameondoa mitego. Kwale wanalia asubuhi kwenye ukingo wa msitu, na yeye anapita akitazama chini.

Ila kuna jambo linanishangaza. Jumatano na Ijumaa bado Mama anajifunga kitenge na kuondoka. Vifaranga wa kutazama hakuna. Anakwenda wapi?

Ernesta


Chome,
10 Aprili 1974

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Najua utaniamkia ukifungua, kwa hiyo nimeitikia kabisa.

Usitafute mwandiko wa Ernesta. Huu ni mkono wangu. Mwalimu Tumainieli anafundisha watu wazima pale shuleni Jumatano na Ijumaa. Nilianza Baba yenu akiwa hai. Kwanza alinicheka, halafu akaninunulia kalamu. Alipokufa niliiweka kalamu. Nilipopeleka mayai kwa Salama akaniambia darasa lipo bado, nikarudi. Sikuwaambia kwa sababu nilitaka barua yangu ya kwanza iwe ya kukushangaza kwa furaha.

Ernesta aliponisomea ile barua yako ya kwale nilikuwa namtazama. Karatasi imejaa pande zote mbili, yeye kamaliza chai yangu haijapoa. Macho yake yalikuwa yanashuka na mdomo umefungwa. Alipokwenda kuteka maji nikafungua Biblia. Nilisoma kwa kidole. Neno bakteria nililirudia, nikafikiri nimekosea mimi, kumbe ndivyo lilivyo. Sikumaliza siku ile. Nilimaliza siku ya tatu.

Nililia, Yudith. Nilikuwa nimepeleka kifo majumbani kwa watu kwa mikono miwili, na wananishukuru. Nikamchukia yule kuku. Kisha nikamwonea huruma, maana naye hakujua alichobeba. Nilikuwa nimekusanya mayai ya Myamba karibu yajae kikapu. Kila siku nilikuwa nakitazama nikisema kesho nitayachoma, kesho naogopa.

Halafu nikasoma tena pale ulipoandika hutaki ninyang'anywe, unataka nimtoe mwenyewe. Hapo nikajua nimezaa mtu. Nikachukua jembe nikachimba. Sikumchinja kabla hujaja kwa sababu nilitaka kuona kazi yako. Watu wananiambia mwanao ni Bwana Mifugo, nacheka nao, lakini sikuwahi kuona. Sasa nimeona. Ulichanganya ile rangi taratibu hadi mwisho, ingawa macho yako yalikuwa yamejaa machozi. Baba yenu angekaa mlangoni kwa Gideoni wiki nzima akisimulia.

Ukipata mitetea wazima huko Kileo au kokote, wapime wewe mwenyewe ndipo ulete. Banda ni safi.

Barua hii nampa Kassimu mkononi, Ernesta hajui. Usimwambie. Aliyaruka maneno yako kwa kunipenda, na sina la kumgombeza. Aendelee kunisomea barua zako, anasoma vizuri, na sauti yake naipenda. Zile sehemu anazoruka huwa nazisoma baadaye, peke yangu. Kwa hiyo ukiwa na neno zito, andika tu bila kuogopa. Litanifikia.

Zamani hapa chini nilikuwa naweka dole gumba.

Raheli, mama yako